Barua ya Siri Niliyompelekea Mheshimiwa

Nilikosa. Na msinihurumie, maana hata mimi sijihurumii. Mchungaji nimeshindwa kumwambia, mume wangu nimeshindwa kumwambia, basi acha niwaambie nyinyi msionijua.

Mimi ni karani wa ofisi moja ya serikali hapa Voi. Nachapa barua, napiga mihuri. Cheo kidogo, lakini kiherehere, woi!

Siku moja nikapewa barua nichape. Ilisema watu waliojenga kwenye ranchi moja upande wa Maungu watafurushwa mwisho wa mwezi. Zilibaki wiki tatu. Nikaigonga muhuri mwekundu wa SIRI kwa mkono wangu huu huu.

Shangazi yangu Wakesho alikuwa anakaa pale. Pojo zake ekari mbili zilikuwa zimeanza kukauka, bado kama wiki mbili avune. Hizo ndizo chakula chake cha mwaka mzima. Mtu mwenye akili angefanya nini? Angepanda gari aende amwambie, "Shangazi, vuna, funga mizigo, usiniulize kitu."

Mimi nani! Mimi nilitaka kuwa mtu mkubwa. Nikaipiga barua picha, nikamtumia mheshimiwa mmoja wa huku, mtu anayefuata kamera kama nzi na kidonda. Nikajidanganya kwamba atapiga kelele, serikali iaibike, watu waachwe. Na akipanda cheo, atanikumbuka.

Akanijibu, "Wewe ni dadangu wa damu." Mjinga mimi, niliusoma huo ujumbe mara kumi!

Barua aliikalia wiki nzima na zaidi, akingoja mkutano wake wa Jumamosi. Siku hiyo akasimama juu ya gari, akaipeperusha. "Nina watu wangu ndani ya hizo ofisi!" Makofi! Nami nilikuwa nyuma pale na mwavuli wangu, nachekacheka peke yangu. Ptu!

Halafu akawaambia watu wa ranchi wasivune, wasihame, ati wakibeba hata sufuria watakuwa wamekubali kuonewa. Shangazi ni mtu wa kutii. Alitii.

Serikali nayo haikuaibika hata kidogo. Iliharakisha tu, watu wasije wakakimbilia kortini. Jumatatu asubuhi tingatinga zilikuwa zimeshafika. Nyumba ya shangazi ilianguka, kisha zikapita katikati ya pojo, zikarudi, zikapita tena.

Mheshimiwa alitokea saa nane mchana, amevaa gambuti mpya. Gambuti, Maungu, wakati wa kiangazi! Akachuchumaa, akapigwa picha ameshika maganda ya pojo, akaondoka. Simu yangu hashiki tena. Dadake wa damu!

Ofisini sasa wanamtafuta aliyevujisha. Bosi alituita, akagonga meza, akatuhubiria kuhusu uaminifu. Bosi huyo huyo ambaye barua za siri huwasomea marafiki zake kwenye nyama choma! Nilimdharau sana, lakini niliposhuka ngazi nikaona hana alichonishinda kwa ubaya.

Shangazi anakaa kwangu. Hajui barua ilipitia mikononi mwangu. Juzi tulikuwa tunachambua mboga, akaniuliza, "Mwanangu, huyo mtu wa ofisini aliyempa mheshimiwa barua, tarehe alikuwa anaijua?"

"Lazima aliijua, shangazi."

"Na alijua kuna watu wana mashamba pale?"

"Labda."

"Sasa si angekuja tu atuambie tuvune mapema, hata zikiwa mbichi?"

Nikamwambia, "Labda hakuwa na nauli."

Akatikisa kichwa. "Maskini," akasema. "Mungu amsaidie." Akaendelea na mboga zake. Ananiombea na hajui ni mimi!

Nyinyi mnaoshika mafaili ya serikali, nisikilizeni. Sisemi mfiche maovu. Lakini roho ikikuwasha, mwambie yule anayekwenda kubomolewa, si yule anayetafuta kura. Na kabla hujatuma, jiulize kama ni haki unatafuta au ni sifa. Mimi nilitafuta sifa. Nauli ya Maungu nilikuwa nayo kwenye pochi, ya kwenda na kurudi.