Kibanda Kinachovuja cha Myrtil Bollack

"Babu, kwa nini unajenga kibanda kinachovuja?"

Salome aliuliza hivyo akiwa na miaka saba, amesimama chini ya ngazi, kofia ya sufu imemshuka hadi kwenye nyusi. Juu ya ngazi babu yake, Myrtil Bollack, alikuwa akipanga matawi ya msonobari juu ya fito, moja hapa, jingine kule, na katikati akiacha mianya ambayo paka angepita bila kuinama. Mtoto aliiona ni kazi ya ovyo. Tena ya mtu yuleyule aliyekuwa akiwagombeza wapangaji wote wa jengo wasipofunga madirisha sawasawa.

Myrtil alimtazama, akarudi kwenye matawi yake.

"Bado sijui," alisema. "Baba yangu alikijenga hivihivi. Sheria yetu ya Kiyahudi inataka paa la matawi, na mvua ikitaka kuingia, iingie. Siku nikijua sababu nitakwambia."

"Na ukifa kabla hujajua?"

"Basi utatafuta mwenyewe. Nirushie hiyo kamba."

Pale mjini Strasbourg watu wengi walimjua mzee huyu kwa mapazia. Alikuwa ameyashona na kuyatundika tangu ujana wake, na hata baada ya kustaafu hakuacha tabia ya kutembea barabarani akitazama madirisha ya watu, akiguna. Kuta za kibanda chake zilikuwa mabaki ya kazi hiyo. Ukuta mmoja ulikuwa mahameli ya kijani ya hoteli iliyofungwa. Mwingine ulikuwa na mawaridi makubwa kama kabichi, ambayo mke wa daktari mmoja aliyaagiza kisha akayakataa. Kila majira ya kupukutika majani, mfungo wa Siku ya Upatanisho ukishapita na Sikukuu ya Vibanda ikikaribia, Myrtil alikisimamisha kibanda hicho katika uwanja wa mbele, kando ya uzio wa chuma unaotazama barabara. Jengo lao halikuwa na roshani za kujengea vibanda, kwa hiyo familia zote za Kiyahudi za pale zilikula humo juma zima. Mpita njia alisikia vijiko, nyimbo na mabishano, akaenda zake.

Kisha ukaja mwaka ambao Salome alikuwa na miaka minane, na mambo yakaharibika. Katika mji wa jirani watu walipaka matusi kwenye ukuta wa sinagogi. Katika mji mwingine mtu alipigwa kwa sababu ya kofia yake ya Kiyahudi. Kwenye lango la shule ya Salome walisimama askari wenye bunduki, vijana tu, wenye chunusi, na mama yake, Eliane, alimfundisha kuficha kidani chake chenye nyota ya Kiyahudi ndani ya kola.

Siku chache kabla ya sikukuu wakubwa walikutana kwenye ngazi za jengo. Gaston Wormser wa ghorofa ya pili ndiye aliyeanza. Alikuwa muuza viatu wa zamani, mnene, rafiki wa Myrtil wa miaka yote, na hapakuwa na siku waliyopeana amani.

"Myrtil, mwaka huu tupumzike. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio."

"Kwako sijawahi kusikia kicheko hata siku moja."

"Mimi sitanii, bwana."

Eliane akaingilia. "Baba, kijenge uwanja wa nyuma basi, chini ya mti wa jozi. Hakuna mtu atakayekiona."

Hata Salome, aliyekaa kwenye kidato akila tufaha, alijua tatizo liko wapi. Kwa sheria, kati ya mtu na mbingu panapaswa kuwa na yale matawi yaliyokatwa tu. Kibanda kikikaa chini ya mti, hakihesabiki. Eliane mwenyewe alijua. Woga ulikuwa umemsahaulisha jambo alilojua tangu utotoni.

"Chini ya mti hiyo ni pikiniki," alisema Myrtil.

"Basi tusijenge kabisa," alisema Gaston.

Na hivyo ndivyo jambo lilivyobaki: mbele, machoni pa barabara, au mwaka bila kibanda. Rabi alipiga simu kumtuliza mzee, kwamba mwenye hofu ya haki ameruhusiwa kula nyumbani kwake wala hana dhambi. Myrtil alimshukuru. Alipoweka simu, Salome alimsogelea.

"Babu, unaogopa?"

"Naogopa sana. Niletee koti."

Alishuka peke yake. Kutoka dirishani Salome alimwona amesimama uwanjani kwa muda mrefu, nyundo mkononi, akitazama barabara, kama mtu anayesubiri basi. Kisha akapigilia ufito wa kwanza.

Jioni ya kwanza ya sikukuu aliketi humo peke yake. Eliane alimpelekea sufuria ya supu, wakajibizana, akarudi juu macho mekundu, akamkataza Salome asithubutu kushuka. Kwa hiyo mtoto alibandika pua kwenye kioo. Taa iliyokuwa ndani iliyang'arisha mapazia, mawaridi yakawaka, na kibanda kizima kikaonekana kutoka mwanzo wa barabara hadi mwisho. Sauti ya mzee ikasikika ikibariki divai, nyembamba, ikikosea mahali palepale ilipokosea kila mwaka.

Pikipiki ikapunguza mwendo.

Chupa iliruka juu ya uzio, ikapasua ukuta wa mawaridi, na kikasikika kishindo cha vyombo. Pikipiki ikaondoka kwa ngurumo. Madirisha yakafunguka jengo zima. Bi Schaal wa ghorofa ya chini, ambaye si Myahudi, alikuwa tayari anawafokea polisi kwenye simu.

"Baba!" Eliane aliita. "Umeumia?"

"Sijaumia," sauti ikajibu kutoka ndani. "Supu ndiyo imekufa."

Sasa, iko kanuni moja ambayo kila Myahudi anaijua, hata yule aliyesahau nyingine zote. Mvua ikinyesha kibandani mpaka ikaharibu supu, una ruhusa ya kuingia nyumbani, na anayeng'ang'ania kukaa huitwa mjinga. Gaston alitoa kichwa nje ya dirisha lake.

"Umesikia mwenyewe ulivyosema? Supu imeharibika. Sheria imeshakuruhusu. Ingia ndani, mjinga wee."

Pazia likasogea. Myrtil akatoka nje, kipande cha karoti kimemnata begani, ndevu zikichuruzika. Akainua uso akayatazama madirisha, moja baada ya jingine.

"Sheria inasema mvua, Gaston."

"Nini?"

"Mvua. Mvua ikiharibu supu yangu, naingia ndani, mimi ni nani nishindane na mwenye mvua? Lakini hii haikutoka juu. Imetoka pale barabarani, imetupwa na mtoto wa watu. Kwa hiyo siingii." Akajifuta ndevu. "Eliane, mwanangu, kuna supu nyingine?"

Salome alimwona mama yake ameshika fremu ya dirisha kwa mikono miwili.

"Ipo, Baba."

"Basi ilete. Na mkate pia, huu umejaa vigae vya chupa."

Eliane alienda jikoni. Alipopita mlangoni alichukua koti la Salome na kumrushia.

Walipofika uwanjani walimkuta Gaston yuko mbele yao, kitambaa cha kulia kimefungwa shingoni, amebeba kiti chake mwenyewe kichwani.

"Nimefuata supu tu," alisema, "msije mkanielewa vibaya."

"Keti hapo penye tundu," Myrtil alimwambia. "Kwa unene wako utatuzibia upepo."

Baada yake ngazi hazikutulia tena. Kila mlango uliofunguka ulitoa watu na viti, mmoja akaja na keki ya plamu, mwingine na mtoto aliyelala. Upepo wa baridi uliingia pande zote za mgongo wa Gaston. Polisi walipofika na daftari zao waliwakuta wamebanana mezani wakiimba, na ilibidi wahoji huku wameshikilia vipande vya keki. Salome, katikati ya mama na babu, aliacha kidani chake nje ya kola.

Mwaka uliofuata kibanda kilisimama palepale. Tundu lilikuwa limetiwa kiraka chekundu, juu ya mawaridi yale.

"Fundi mzima," Gaston alimcheka, "rangi imekushinda."

"Nataka kionekane," alisema Myrtil.

Miaka ikaenda. Askari waliondoka langoni mwa shule, wakarudi, wakaondoka. Gaston alifariki, lakini kiti chake kiliendelea kushushwa na kuwekwa mbele ya kiraka. Salome alipofika miaka kumi na sita, magoti ya babu yake yalikuwa yamegoma, na kazi ya kupanda ngazi ikawa ya msichana. Mzee aliketi chini kwenye kile kiti cha Gaston, amejifunika blanketi, akitoa amri. Redio ilikuwa imetangaza mvua, kwa hiyo msichana alirundika matawi.

"Punguza, punguza. Unashona godoro?"

"Utalowa, Babu."

"Nitalowa, ndiyo." Akavuta blanketi. "Uliwahi kuniuliza swali, umesimama hapa hapa."

"Ukasema hujui."

"Nilikuwa sijui kweli." Alimsubiri ang'oe tawi moja, kisha jingine. "Nyumba ya baba yangu haikuvuja hata tone. Ya mawe, mlango una makomeo mawili. Vita vilipokuja tulitoka na mabegi, na tuliporudi nilikuta mapazia ya watu wengine madirishani petu. Nilikuwa mdogo, nikasimama barabarani nikiyatazama. Katika nyumba ile tulikuwa tumeziamini kuta. Humu panavuja, kwa hiyo huna cha kuamini ila aliye juu, na aliyeketi ubavuni pako, hata kama ni Gaston. Na kibanda hiki, Salome, kimebomolewa kila mwaka tangu nilipoanza kukijenga, na kila mwaka aliyekibomoa ni mimi, si mtu mwingine, sikukuu ikishakwisha, kwa nyundo yangu mwenyewe."