Kiti ya kuzunguka ya Umba

Mutoto wangu Umba alikuwa fundi wa vyuma ku depo ya treni, hapa Kamina. Tangu utoto alipenda kila kitu yenye kuzunguka. Hata mashini yangu ya kushona aliifungua. Mwaka wa 98 vita ilirudi, basoda bakajaa ku Base, kambi yao ya jeshi, treni zikasimama. Umba akabakia ku nyumba na bibi, muke wake, mwenye kuanguka.

Lydie, bibi yake, alitoka kupona kifua kikuu kisha kupigwa sindano mingi sana. Tangu pale, akifumba macho mu maombi, anaanguka kama muti. Papa Kabwe, mukubwa wa kikundi yetu ya maombi, akasema ni pepo mubaya, tumurudishe kwao Bukama. Nikakataa. Kabwe halishi nyumba yangu.

Umba hakubishana. Alitwaa roulement, chuma ya kuzungushia magurudumu, ya wagon yenye kufa, akafunga kiti juu yake.

"Mama, anza weye."

"Minyi siko mugonjwa."

"Njo sababu nataka weye."

Akanifunga kitambaa ku macho, akasukuma. Nikazunguka. Kisha kiti ikaanza kurudi nyuma, mbio.

"Umba, simamisha."

"Ilisha kusimama, mama."

"Unanicheka? Iko inazunguka."

Akatoa kitambaa. Kiti ilikuwa kimya, mikono ya Umba iko mbali. Minyi Mwadi, mwenye hajaogopa hata basoda, nilishika kiti na mikono mbili. Mwili yangu mwenyewe ilinidanganya.

Sasa Lydie. Umba akamufunga macho, akasukuma pole pole, kisha zaidi. Kiti ikazunguka, ikazunguka. Lydie ametulia, mikono ku magoti.

"Umba," akauliza, "utaanza saa ngapi?"

Umba akasimamisha kiti, akakaa chini.

"Mama, kile kinatuambia tunazunguka, kwake kilikufa, pengine na zile sindano. Anasimama na macho tu. Ukizima macho, anaanguka."

Siku ya maombi nikamushika Lydie mukono, tukaenda.

"Tufumbe macho," Kabwe akasema.

"Huyu hatafumba."

"Mama Mwadi, ni heshima ya Mungu."

"Mungu njo alimupa hayo macho. Sali, Papa Kabwe, miguu inaniuma."

Bote bakafumba. Minyi pia nilikataa kufumba, nilikuwa namuchunga. Alikaza macho ku dirisha, jasho inamutoka, mpaka Amina. Kabwe alipofungua macho, alimukuta Lydie wima, anamuangalia yeye.

Habari ya kumurudisha Bukama iliisha pale.