Gunia Lililonishinda Busia

Siku ya kwanza niliingia ghalani Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, nimevaa viatu. Nyapara, yaani mkubwa wa genge la wapakiaji, aliniangalia miguu, akaniangalia mabega, kisha akauliza, "Wewe nakuja kubeba ama nakwenda kanisa?" Wenzake wakaangua kicheko. Nikavua viatu, nikapewa gunia tupu la kukunja begani, nikafundishwa kupanda ubao. Ubao ndio daraja letu kutoka chini hadi kwenye lori. Unaukanyaga katikati, kwa hatua fupi, bila kusimama, maana ukisimama mguu unaanza kufikiri.

Nilikuwa kijana wa Lunyo, mtoto wa wakulima. Kazi ilikuwa kushusha mahindi kwenye lori la Uganda na kuyapakia kwenye la Kenya. Baadaye nikahamia Tororo, ghala la saruji, chini ya meneja wa maneno machache. "Tumbo tupu sitaki kwa stoo yangu," alisema kila asubuhi. Tulikunywa kwanza uji mzito wa mtama na muhogo, na jua likikolea tulipewa maji yenye sukari na chumvi kidogo. Tulimnung'unikia kwamba anatupotezea muda. Miaka ikapita, vumbi la saruji likanikausha kifua, nikarudi Busia nimezeeka.

Nikakuta uji tuliouziwa getini umeondoka na chupa za vinywaji zimeingia. Vingine vilikuwa vinywaji vya wanamichezo, vya kurudisha maji na chumvi inayotoka na jasho. Vingine vilikuwa vya kuamsha mwili, vimejaa sukari na kafeini, ile ile ya kwenye kahawa. Sisi hatukutofautisha, vyote tuliviita nguvu. Moyo ukianza kudunda, vijana walisema injini imewaka, tupakie. Mimi nilijiona mjanja, nikawacheka na chai yangu.

Lakini malipo ya lori tuligawana sawa, na goti langu lilikuwa limeanza kunigomea. Mzee anayechelewa kwenye ubao anakula jasho la wenzake. Hakuna aliyenitamkia hivyo, ila nilijua nafasi yangu kwenye genge inaponyoka. Asubuhi moja nyapara mpya, kijana wa upande wa Kenya wa umri wa mwanangu, akaniambia kwa heshima iliyoniuma, "Mzee, leo kazi ni mob, malori ni mengi. Ikikulemea, keti tu hapo kwa mizani."

Mimi niketi wenzangu wakipanda! Nikamjibu kwamba nitabeba kama wengine. Mpakiaji mmoja akaninyooshea chupa. "Piga hii, mzee. Utaona vile mwili itashika." Nikainywa, nikaomba na ya pili, tumboni sina hata chai.

Mwanzoni nilipaa. Nilipanda ubao mbele ya vijana, nikawatania kwamba wanatembea kama mabibi harusi. Goti halikuuma. Uchovu ulikuwepo, ila sikuusikia tena, na hapo ndipo ubaya ulipo. Jua lilipopanda, mikono ikatetemeka, mdomo ukakauka, moyo ukapiga ovyo. Katikati ya ubao nikasimama. Gunia likaanguka na kupasuka, nami nikalifuata, suruali ikalowa mbele ya watu wote.

Genge letu lilikuwa na desturi. Anayeangusha gunia hubebwa juu juu, huwekwa kwenye mizani kama mzigo, na kilo zake hutangazwa kwa kelele mpaka barabarani. Hata manyapara walipimwa; mgeni tu ndiye hakupimwa. Mimi nilipimwa ujanani, nikacheka mpaka machozi. Kwa hiyo nililala pale juu ya mahindi, nikingoja mikono yao.

Hakuna aliyecheka. Nyapara alivua shati lake, akanifunika kiunoni. "Pole, mzee," akasema kwa sauti ya chini, na mwingine akakimbia kuita pikipiki. Afadhali wangenitukana. Niliona aibu ambayo mpaka leo, nikiitaja, uso unaniwaka moto.

Sista wa zahanati alinipima presha, akatikisa kichwa. "Hii kitu haikupi nguvu, mzee. Inafichanga tu uchovu, na moyo yako inaumia." Akanieleza kwamba mtu wa jasho anahitaji maji, chakula na usingizi, na mwenye presha asiziguse kabisa zile chupa za kafeini. Ndiyo maana nawaandikia ninyi mnaobeba sasa. Mkiona mwili umechoka, uaminini. Mimi sikuuamini kwa sababu niliogopa kuonekana mzee, na kumbe kila mtu alikuwa ameshaniona.

Sikurudi ghalani. Watu huniita mstaafu, neno zuri kuliko jambo lenyewe. Nikienda sokoni napita njia ya nyuma, nisije nikasalimiwa na genge.

Bado sijasema la siku ile ile, nilipofika nyumbani. Mke wangu alituuzia uji getini miaka mingi, anazijua desturi zetu zote. Alikuwa amesikia tu kwamba nimeangusha gunia. Akaniletea maji ya kuoga huku akitabasamu, anataka kunichangamsha.

"Haya, Baba Wandera, leo wamekupata kilo ngapi?"

"Hawakunipima."

Tabasamu likamtoka. Akaweka ndoo chini, akaniita kwa jina langu, jina ambalo hakuwahi kuniita tangu tuzae.