Festy Folan na Barua za Gerezani

Saa mbili asubuhi mvua inapiga kwa ubavu, na Festy Folan anasukuma baiskeli yake kwenye njia ya mawe ya kijiji cha Ros an Chaoil, nchini Ayalandi. Mkoba wa posta ameufunika kwa koti lake. Yeye mwenyewe amelowa chapachapa.

Wanaume wawili wanaopanga mboji kavu ya kuwashia moto wanainua vichwa.

"Kijana wa mfalme huyo," anasema mmoja. "Leo bwana wako katuandikia nini?"

"Anauliza kodi ya mbwa wako utalipa lini," Festy anajibu bila kusimama.

Kofia yake ina taji la Uingereza, nayo humpatia shilingi kumi na nane kwa wiki. Lakini tangu vijana wanaoupinga utawala wa Uingereza waanze kukamatwa, kazi iliyo nzito kwake ni ile asiyolipwa. Barua za wafungwa lazima ziwe za Kiingereza ili mkaguzi wa gereza azisome. Za Kiayalandi huzuiliwa huko huko. Na akina mama wa hapa Kiingereza hawakijui. Basi Festy, mwenye umri wa miaka arobaini, hufungua bahasha mlangoni, husoma mstari kimya, kisha huusema kwa lugha ya nyumbani.

"Vijana hawa hawajawahi kumwita mama kwa Kiingereza," anasema. "Gerezani ndiko wanakojifunza."

Jumanne iliyopita ilifika barua ya Tadhg, mtoto pekee wa mjane Sorcha Conneely. Festy alisoma habari za baridi, za soksi, na salamu kwa majirani. Kisha akafika kwenye aya iliyoanza kwa jina lake mwenyewe, Festy. Humo Tadhg alimweleza kwamba yeye na wenzake wamekataa chakula mpaka waachiwe. Miguu haimbebi tena. Mama asiambiwe.

Mkaguzi hakuipaka wino aya hiyo. Festy anaamini aliiacha makusudi, mama ajue, amsihi mwanawe ale.

Festy aliiruka, akasoma salamu za mwisho. Sorcha alikuwa amesimama mbele yake, mikono ina unga.

"Festy mwana wa Martin," akasema, "macho yako yameshuka nusu ukurasa na mdomo umefungwa. Mimi nilikuogesha ulipokuwa mchanga. Usinifiche."

Akamwambia.

Mama hakulia. Aliketi karibu na moto, viazi vikachemka mpaka vikapasuka, wala hakuviepua. Hatimaye akauliza treni ya Dublin, liliko gereza, huondoka siku gani.

Hata hivyo, siku ya kutembelea wafungwa askari jela hukaa katikati, na maneno yote lazima yawe ya Kiingereza. Festy alijitolea kuwa mdomo wake. Sorcha alikataa katakata: mwanawe hatamsikia mamaye kwa sauti ya mwanamume. Ndipo masomo yakaanza, kila Festy amalizapo mzunguko wake. Jirani mmoja aliyecheka matamshi alitolewa nje na Sorcha mwenyewe.

Maneno aliyoyachagua ni machache: "Ni mimi, mama yako. Nimekuja kukaa nawe."

"Neno la kumwambia ale hajaniuliza," anasema Festy, akikamua maji kwenye kofia. "Nami sijathubutu kumfundisha."

Wataondoka pamoja Ijumaa, maana Sorcha hajawahi kupanda treni. Mkuu wa posta amemnyima Festy ruhusa, na akienda, mkoba atapewa mwingine. Mkewe ameshaambiwa. Hakupinga, ila aliuliza majira ya baridi watakula nini.

Alipoulizwa na mwandishi wa habari hii kama jina lake lifichwe gazetini, alitikisa kichwa.

"Liandike. Watalijua tu nisipoonekana."

Anapanda baiskeli, bado ana nyumba nyingi mbele yake, kisha somo la jioni.

"Kiingereza cha Sorcha sasa kinatosha," anasema. "Naomba tu tumkute Tadhg bado anasikia."