Aliyeimba Katika Chumba cha Kufulia

Katika nyumba ile ya Al Thumama, mtaa wa Doha, kila mtu alimjua Jerusha kuwa Msabato. Mwenyewe hakuwahi kusema hivyo. Fatuma, mpishi kutoka Tanga, ndiye aliyemtangaza, baada ya kumwona ameomba siku yake ya mapumziko iwe Jumamosi badala ya Ijumaa. "Msabato wetu leo haguswi," aliwaambia madereva, na jina likakaa. Jerusha akaliacha likae. Kwao ni vilimani, nje kidogo ya Mbale, Uganda, kwa Wayahudi weusi walioishika Torati tangu enzi za babu zao, na hilo hakuona sababu ya kulieleza Doha.

Kazi yake ilikuwa kumlea Hesa, mtoto wa pekee wa nyumba hiyo, msichana wa miaka tisa. Hesa alikula, alikimbia, alipanga vibanio vya nguo kwa rangi zake mchana kutwa, lakini tangu kuzaliwa koo lake halikutoa neno wala wimbo. Jerusha alimwogesha, alimvisha, alimsindikiza kwenye kituo cha watoto wa namna yake. Kukaa na kimya cha mtoto hakukumpa shida. Kwao alikuwa ameacha kimya kingine kama hicho, mwanawe Asafu.

Mwaka huo, 2015, Asafu alikuwa akitimiza miaka kumi na mitatu. Kwa umri huo mtoto wa kiume huitwa mbele ya watu katika sinagogi, akasimama penye gombo la Torati, akaimba baraka, na kuanzia hapo akahesabiwa mtu mzima. Asiyeitwa hubaki kwenye benchi la watoto, hata akiota ndevu. Herbert, aliyewafundisha watoto pale, alimwambia Jerusha kwenye simu bila kuzunguka.

"Mama Asafu, maneno simdai. Lakini walau autoe wimbo, watu wasikie kwamba anajua anachobariki. Bila hivyo nitamwitaje?"

"Atautoa, mwalimu."

"Nimemfundisha mwaka mzima. Ananitazama tu, kama vile natafuna."

"Basi nitamfundisha mimi."

"Kutoka huko Arabuni?"

"Kwa simu hii hii."

Kila Ijumaa alasiri, kabla jua halijazama na Sabato kuingia, Jerusha alijifungia chumba cha kufulia, akazima mashine, akairekodi baraka pole pole na kuituma kwa WhatsApp. Kule kilimani mama yake alimwekea Asafu simu sikioni. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna. Ya tatu mama akapiga.

"Jerusha, leo ameyumbayumba akisikiliza. Lakini huyo mtoto unayeimba naye ni wa nani?"

"Mtoto gani, mama?"

"Huyo aliye nyuma yako. Ana sauti nzuri, ila anakutangulia."

Jerusha aliisikiliza rekodi upya. Chini ya sauti yake, nyembamba kama maji yanayopita ndani ya ukuta, kulikuwa na sauti ya mtoto. Haikuwa na maneno, iliimba kama mtu aliyefumba mdomo. Wimbo iliushika barabara, na kila mstari iliufikisha mwisho kabla yake. Ijumaa hiyo Hesa na mama yake walikuwa mtaa wa The Pearl kwa shangazi, na Fatuma alikuwa ametoka. Mlango Jerusha aliufunga kwa mkono wake mwenyewe.

Alijaribu kuikwepa sauti ile. Wiki iliyofuata alipanda juu ya paa, penye matangi ya maji, akarekodi huko. Rekodi ikatoka safi, sauti moja tu. Asafu akaisukuma simu, akageukia ukutani. Basi Jerusha akarudi chumba cha kufulia, akaimba, na mwisho wa kila mstari akanyamaza kidogo ili kumpisha huyo mwingine.

Asubuhi moja Madamu, mama yake Hesa, aliingia jikoni hana hata viatu miguuni.

"Jerusha! Njoo usikie!"

Hesa alikuwa amekaa sakafuni katikati ya vibanio vyake, mdomo umefumbwa, anaimba. Ilikuwa baraka nzima, kutoka mwanzo hadi mwisho. Madamu alilia huku amemshika Jerusha mikono yote miwili.

"Miaka tisa! Umemfundisha nini?"

"Wimbo wa kwetu tu, Madamu."

"Mungu akuzidishie. Mungu akuzidishie, Jerusha."

Madamu alipoondoka, Fatuma alimsogelea. "Shoga, wimbo huo kautoa wapi?"

"Kanisikia mimi."

"Kakusikia wapi? Wewe ukiimba mlango umeufunga, na yeye yuko ghorofani kalala. Usinitanie, mwenzio nasisimka mwili."

Sabato ya Asafu ikafika. Mtoto alikuwa bado hajatoa sauti, ila Herbert alikubali kumwita ajaribu. Simu zote mbili, ya huku na ya kule kilimani, zilizimwa tangu jua lilipozama Ijumaa, kama ilivyo sheria. Jerusha hakutoka nyumbani. Alikaa na Hesa, akitazama saa ya ukutani, maana saa ya Doha na ya Mbale ni moja.

Ilipofika saa nne asubuhi, Hesa aliacha vibanio. Akasimama wima, kama aliyetajwa jina. Akashika ncha ya mtandio wa Jerusha, akaigusisha juu ya meza, akaibusu.

Jerusha alikitambua kitendo hicho. Hivyo ndivyo afanyavyo aliyeitwa. Huligusa gombo kwa ncha ya shali yake, akaibusu, ndipo aimbe. Jambo hilo halimo katika rekodi yoyote, wala hakuwa amemwonyesha mtu katika nyumba hiyo.

Hesa akafungua kinywa. Midomo ikaenda, koo likapanda na kushuka, pumzi ikatoka mahali pake pote. Sauti haikutoka. Alipomaliza aliketi, akaendelea na vibanio.

Usiku, nyota tatu zilipokuwa zimehesabika huku na kule kilimani na Sabato kuisha, Jerusha aliwasha simu. Ikalia hapo hapo.

"Mama Asafu! Ameitwa!" Herbert alikuwa akipiga kelele. "Ameimba mpaka mwisho! Mama yako hajanyamaza kulia hadi sasa."

Jerusha aliketi chini. "Asante, mwalimu. Na sauti yake? Sauti yake ikoje?"

Herbert alishusha sauti. "Nyembamba. Kama ya msichana. Tulitazamana kidogo. Lakini ameitwa, mama, na hakuna wa kumrudisha benchi la watoto."

Tangu siku ile Hesa hakuimba tena. Madamu alingoja siku mbili, kisha wiki. Mwishowe alimleta mtoto chumbani kwa Jerusha, akamketisha kitandani kati yao.

"Mwimbie," alisema. "Labda amesahau tu."

Jerusha aliimba. Furaha ya Asafu ilikuwa bado moto kifuani, na kwa ajili hiyo hiyo hakuweza kumtazama mama huyu usoni. Madamu, aliyekwisha kuushika wimbo asioujua ni wa nini, akaanza kumfuatisha kwa sauti ya chini.

Hesa aliwasikiliza wote wawili. Kisha akanyoosha mkono, akaweka vidole kooni mwa Jerusha, akapapasa pole pole, huku na huku, kama mtu anayetafuta kitu alichokiazimisha.