Mafuta, Baba Maureen

Madereva wenzake pale mjini walimwita Sitini. Hata barabara ikiwa tupu, hata abiria akitazama saa na kuguna, Kitonga hakuuvusha mshale kilomita sitini. Alikanyaga mafuta kwa unyayo mwepesi, kama mtu anayepita chumba alicholala mtoto. Akiona taa nyekundu mbele, aliinua mguu mapema na kuliacha gari lijiendee lenyewe, maana kila breki, alisema, ni petroli uliyomwaga njiani.

"Sitini, leo umebeba mayai?" walimtania.

"Nimebeba petroli. Mayai ni ya bei nafuu."

Wakacheka, naye akacheka. Moyoni alijua sifa ile haikuwa yake peke yake. Nusu ilikuwa ya mkewe.

Kasyoka aliuza maharagwe na pojo katika soko la Kangemi. Kila asubuhi walitoka pamoja nyumbani Kabiria ndani ya Vitz ile ndogo ya teksi, magunia nyuma, yeye mbele, mkono umeshika kishikio cha juu ya mlango. Kitonga akisahau kidogo na kuongeza mwendo, Kasyoka hakupiga kelele. Alisema tu, "Mafuta, Baba Maureen." Basi. Neno moja na jina la binti yao aliyeolewa Kitui. Kitonga aliinua mguu, gari likatulia, na mkewe akashusha pumzi.

Aliwasimulia watu kwa fahari: "Nyinyi wake zenu wanataka mkimbie. Wangu anasikia tone likipotea."

Kila Jumamosi alilipeleka gari kwa Lenox, fundi wa tairi kando ya barabara pale Kangemi, hatua chache kutoka kibanda cha Kasyoka. Kwa Kitonga, siri ya mafuta ilikuwa katika upepo. Tairi laini hulalia lami, injini ikalazimika kuliburuta gari. Tairi iliyojaa huteleza. "Jaza mpaka igonge kama ngoma," alimwagiza Lenox, kisha akavuka kwenda kunywa chai.

Lakini mwaka jana mambo yakaharibika. Gari lilianza kunywa. Mwendo ni ule ule, njia ni ile ile, na mshale wa mafuta unashuka kabla ya siku yake. Kitonga alibadilisha plagi, akasafisha chujio la hewa, akalisikiliza kama mgonjwa. Hatimaye alichuchumaa akazitazama tairi, akaona zimelika pembeni, kushoto na kulia, huku katikati bado nzima. Dalili ya tairi inayokimbia bila upepo wa kutosha.

Akaenda kwa Lenox, damu imempanda.

"Hiyo mashine yako ya kupima ni ya kucheza nayo watoto?"

"Iko sawa, mzee."

"Iko sawa na tairi zangu zimekaa kama chapati? Ama unauza upepo wangu?"

Wateja wakacheka. Lenox, ambaye kwa kawaida alikuwa na jibu la kila mtu, alifuta mikono kwa kitambaa kichafu, akatupa jicho upande wa sokoni, kisha akainamisha kichwa. "Pole, mzee. Labda nilikosea."

Kitonga hakurudi tena. Alinunua kipimo chake na pampu ya mguu, akatafuta tairi nyembamba kuliko zile za mwanzo, ngumu, akazijaza mwenyewe mpaka zikagonga kama ngoma. Mafuta yakarudi kukaa. Kila jiwe la barabara likasikika mpaka kwenye meno, lakini yeye alipiga mluzi.

Kasyoka alishika kishikio kwa mikono miwili sasa.

"Mafuta, Baba Maureen."

"Niko arobaini, mama!"

"Hata hivyo."

"Wewe utanifanya nisukume gari kwa mkono." Akacheka sana. Kasyoka akageukia dirisha.

Ilikuwa mwezi wa nne Kasyoka aliposhindwa kuinuka kutoka kibandani. Katika hospitali moja mjini walisema ugonjwa ulianzia titini, zamani, na sasa ulikuwa umeingia kwenye uti wa mgongo. Daktari kijana aliuliza maumivu yalianza lini. Kitonga akasema juzi. Kasyoka, akiwa kitandani, alifumba macho. Baada ya majuma kadhaa wakaambiwa hakuna zaidi la kufanya pale, na mgonjwa mwenyewe alitaka nyumbani.

Asubuhi ya kwenda kumchukua, msumari ulitoboa tairi ya nyuma hapo hapo Kangemi. Hakukuwa na fundi mwingine karibu. Lenox alikuja na jeki bila kuitwa, akachuchumaa, akaanza kufungua nati.

"Mama anaendeleaje?"

"Namrudisha nyumbani."

Lenox aliacha kufungua nati. "Mzee, utamrudisha na hizi tairi?"

"Zina shida gani?"

"Zitamuua njiani." Akasugua uso kwa mgongo wa mkono, akaacha alama nyeusi. "Ni yeye alikuwa anakuja hapa. Ukienda chai tu, yeye huyo. 'Lenox, toa kidogo. Mgongo wangu unakatika kwa hiyo gari. Na usimwambie, ataacha kazi anipeleke kwa kila daktari.' Nilitoa, mzee. Siku ile uliniita mwizi wa upepo, alikuwa amesimama pale, anaona. Akanifanyia hivi." Akaweka kidole mdomoni.

Kitonga alikaa juu ya tairi iliyovuliwa. Magari yalipita. Alisikia ile sauti, miaka yote ile, asubuhi zote zile, *mafuta, Baba Maureen*, na kwa mara ya kwanza akasikia ilichokuwa ikisema. Alikuwa ameoa mwanamke aliyekuwa akilia maumivu pembeni mwake, naye akimsifu kwa ubahili.

"Una zile pana?" aliuliza akiinuka.

"Zako za zamani nilizinunua kwa aliyekuuzia hizi. Sikuzitupa."

Wakazifunga zote nne. Kitonga akachukua kipimo, akatoa upepo mwenyewe, kidogo kidogo, akibonyeza kwa kidole gumba mpaka mpira ukakubali.

Alimtoa mkewe mjini kwa mwendo wa mtu anayesindikiza maiti, ingawa neno hilo alilifukuza kila lilipomjia. Kwenye Waiyaki Way walipigiwa honi, wakatukanwa mama zao. Kwenye kila tuta alisimama kabisa, akapandisha gurudumu moja, kisha la pili. Mshale wa mafuta ulishuka, naye hakuujali. Alikuwa akingoja lile neno. Kama angelisikia, angesimama, angemwomba msamaha hapo hapo.

Halikuja. Walipita Kangemi, wakateremka Kawangware, halikuja. Kasyoka alikuwa amelaza mikono mapajani. Kishikio cha juu kilining'inia bure.

"Gari limekuwa laini," alisema.

"Ni Lenox."

"Lenox na mdomo wake." Akatabasamu kidogo. "Alikuambia?"

"Mbona hukuniambia wewe?"

"Nilikuambia kila siku."

Hakulisema kwa lawama. Ndiyo maana lilimchoma. Kitonga alishika usukani kwa nguvu, machozi yakimshukia shingoni. Kasyoka alinyoosha mkono, akampapasa goti, taratibu, kama alivyokuwa akitandaza pojo kwenye trei kutafuta vijiwe.

Wakafika Kabiria. Lango lao lilionekana. Maureen, aliyefika jana kutoka Kitui, alikuwa amesimama pale na leso mkononi. Kitonga alianza kukata kona.

"Usiingie bado," Kasyoka alisema. "Nikishuka hapa sipandi tena. Zunguka kwanza."

"Nizunguke wapi, mama?"

"Popote penye lami. Sijawahi kupanda hii gari bila kuumia." Akaegemeza kichwa kwenye kiti, akafumba macho. Kisha akayafumbua kwa mazoea. "Mafuta yapo?"

Taa ya njano ya mafuta ilikuwa inawaka kwenye dashibodi. Kitonga, ambaye hakuwahi maishani kuiacha iwake hata dakika moja, aliifunika kwa kiganja.

"Yapo," akasema. "Yapo mengi."

Akampungia Maureen mkono, akapita lango lao, akaendelea kwenda.