Shabaha Yangu ya Kwanza

Mimi ni mlinzi wa mlango katika klabu ya kulenga shabaha hapa Dubai, na nimeomba niwe msaidizi wa mwalimu. Juzi mwalimu wetu, Sir Yusuf, aliniita nijaribu bastola mpya inayotumia risasi za aina mbalimbali.

"Yalla, Mercy, tuone," akasema, akanivalisha vizuia sauti masikioni.

Alianza na risasi nyepesi. Nikafumba jicho moja, nikapiga, karatasi ikatoboka katikati! Akaweka risasi nzito. Mikono iliruka hadi karibu na kofia, lakini tundu la pili likatokea palepale. Sir akapunga mikono na kupaza sauti. Nikajua ananishangilia. Nikaweka bastola mezani, nikainama kama msanii jukwaani, huku nikiwaza nitakavyompigia mama simu Kitale.

Aliponivua vile vizuia sauti, alikuwa akicheka hadi machozi. Alibonyeza kitufe, karatasi yangu ikaja nyeupe, haina hata mkwaruzo. Kutoka kibanda cha jirani, mama mmoja wa Kizanzibari, mteja wetu, akanishika bega kwa upole.

"Shabaha unayo, mwanangu," akasema. "Ila karatasi uliyoitoboa ni yangu."